Mjomba aliuliza kama wenyewe wamekubali

Mvua ndo ilitupeleka makumbusho. Mjomba wangu alikuja kututembelea huku Vancouver kutoka Kilifi, bichi tushaenda, madaraja tushayaona, na siku ile kulikuwa na ile mvua ya huku isiyozidi wala kukata, basi nikasema twende Makumbusho ya Anthropolojia pale chuo cha UBC, angalau ni ndani na kuna joto.

Ukumbi mkubwa una kuta za glasi zinapanda juu mpaka shingo inauma, na humo zimesimama nguzo za mwerezi za watu wa pwani hii, zingine nzima, zingine vipande. Mjomba alizipita haraka haraka kama mtu anahesabu mabati, mpaka akafika kwenye kipande kimoja cha kijivu, kimepasuka pasuka, sura ya mnyama imebaki macho na mdomo. Nikamsomea kibao. Ni ya Wahaida, imetoka kijiji cha SG̱ang Gwaay, kusini kabisa mwa visiwa vya Haida Gwaii.

"Hii imetoka makaburini?"

"Ndio mjomba. Zingine zilikuwa zinabeba sanduku la mifupa pale juu."

"Na wenyewe wamekubali?"

Nikamwambia nitaangalia. Tukaenda kunywa chai. Mjomba alisharudi nyumbani zamani na mimi bado naangalia.

Wa pwani mnajua

Wasomaji wangu wa Kilifi na Malindi hawahitaji kuelezwa kwa nini mzee wa Kigiriama anaangalia mbao iliyochongwa na swali lake la kwanza linakuwa hilo. Kwa wengine, kwa ufupi tu: kigango ni mti unaochongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, unasimamishwa, na ukishasimamishwa hauguswi. Mchwa wakija ni shauri lao. Tangu miaka ya sabini na themanini vimeibiwa vingi sana vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye sebule na makumbusho za Marekani. Kuna viwili viliibiwa 1985 kwenye boma la mzee mmoja, vikaja kuonekana kwenye makumbusho mawili tofauti huko, vikarudishwa 2007, mzee mwenyewe keshafariki. Vilipofika vikazungushiwa chuma visiibiwe tena.

Kwa hiyo mjomba hakuwa anauliza kwa udadisi. Alikuwa anauliza kama polisi.

Na jibu, nilipolitafuta, ni ndio. Wamekubali. Mwaka 1957 lilienda kundi la watu SG̱ang Gwaay, ndani yake Wilson Duff wa makumbusho ya mji wa Victoria na Bill Reid, ambaye mama yake ni Mhaida na baadaye akawa mchongaji maarufu kuliko wote, wakaondoa nguzo 11, wakazikata vipande, wakazipakia kwenye meli mpaka Victoria na Vancouver. Wahaida wa Skidegate waliombwa ruhusa wakatoa.

Ningeweza kumpigia mjomba nikamwambia hivyo na tukaishia hapo. Lakini kuna kitu kilinikaa kooni.

Ndui iliingia pwani hii 1862. Wahaida walikuwa maelfu, wengine wanasema elfu 10 na zaidi, na ilipofika mwanzo wa karne iliyofuata walikuwa wamebaki mia sita hivi. Mia sita, visiwa vizima. Vijiji vikahamwa kimoja kimoja, waliobaki wakajikusanya Skidegate na Massett. Juu ya hayo serikali ya Kanada ikapiga marufuku potlachi, ile sherehe ambayo bila hiyo nguzo haisimami, kuanzia 1885 mpaka 1951. Ukipewa ruhusa 1957 na watu ambao juzi tu wameruhusiwa kufanya sherehe zao wenyewe, hio ruhusa ni ya aina gani? Mimi sijui uzito wake nauwekaje. Ni ruhusa, siwezi kusema si ruhusa, Wahaida si watoto, na Reid mwenyewe alikuwepo na shoka. Lakini mwizi wa kigango naye huwa na risiti.

Zile zilizobaki

Sasa kilichonichanganya zaidi ni zile ambazo hazikuondolewa. Zipo mpaka leo SG̱ang Gwaay, zimesimama zimeinama, zingine zishaanguka na moto wa zamani umeziunguza, moss imepanda, mche unaota kichwani kwa dubu. Mwaka 1981 UNESCO wakapaweka kwenye urithi wa dunia. Wakati wa kiangazi kuna walinzi wa Kihaida wanakaa pale, unafika kwa boti au ndege ya majini, unatembea kwenye njia iliyopangwa kwa makombe ya baharini, unaambiwa usiguse.

Na zinaoza. Wanafyeka magugu, wanaangalia miti isiziangukie, lakini hakuna paa, hakuna glasi. Msimamo wa wenyewe ni kwamba nguzo ilitoka ardhini na itarudi ardhini.

Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nakiri. Manake mimi ni mtu wa kutunza vitu, nina risiti za stima za 2014. Nikawaza, kitu kama hicho, kimebaki kwa bahati, alafu unakiacha kwa mvua? Na huku nyumbani nikisikia mtu anasema vigango vya Kilifi viwekwe tu makumbusho maana mchwa watavila, napandisha mori. Yaani kichwa kimoja, majibu mawili, inategemea mti ni wa nani.

Hapo ndo nikaanza kusoma namna nguzo inavyotengenezwa.

Gogo

Inaanza na mti, na si mti wowote. Mwerezi mwekundu wa huku unaweza kuishi miaka elfu, una mafuta yake ndani ya moyo wa mti ambayo kuvu na wadudu hawayapendi, na nyuzi zake zimenyooka, tezo inaingia bila kugombana. Lakini miti mingi mizee imeoza katikati ingawa nje inaonekana mizima. Wazee wa zamani walikuwa wanatoboa tundu kwenye shina kuangalia ndani kabla ya kuukata, na msituni huko bado iko miti hai yenye matundu hayo, ilikaguliwa ikaonekana haifai ikaachwa. Napenda sana hiyo habari, mti umefeli mtihani miaka mia mbili iliyopita na bado unaendelea na maisha yake.

Ukipatikana, unaangushwa, unatolewa msituni, sikuizi kwa mashine bila shaka, hakuna anayejifanya. Chensoo inatumika kuondoa nyama kubwa. Maganda na tabaka la nje la mti linaondolewa kwa sababu ndilo linalooza haraka. Nguzo za mbele ya nyumba zinakombwa mgongoni, gogo linabaki kama nusu ya bomba, linapungua uzito na halipasuki ovyo likikauka. Zile za maziko ni kinyume, mara nyingi gogo lilipinduliwa, shina nene likawa juu, manake juu ndo sanduku la marehemu linakaa.

Alafu tezo, na visu vilivyopinda, miezi na miezi, gogo limelala kwenye banda. Wanafunzi wanaanza na sehemu za nyuma, fundi anashika macho. Alama za tezo zinaachwa kwenye uso, safu kwa safu, hazipigwi msasa.

Na zinachongwa nini? Wahaida wamegawanyika sehemu mbili, Kunguru na Tai, mtoto anafuata upande wa mama na lazima aoe upande mwingine. Kila ukoo una nembo zake, nyangumi muuaji, dubu, papa, na huwezi kujichukulia tu nembo kwa sababu umeipenda. Nguzo haiabudiwi, wamisheni walidhani inaabudiwa wakahimiza ziangushwe, zingine zikawa kuni. Ile ni hati. Inasema sisi ni fulani, tuna haki ya jina hili, ya hadithi hii, ya mto ule.

Hati inahitaji mashahidi. Na hapa ndo nilisimama kusoma nikaenda kutembea.

Mashahidi wanalipwa

Nguzo ikiwa tayari inabebwa na watu mpaka kwenye shimo, inafungwa kamba, mbao zimefungwa mfano wa mkasi kuizuia isirudi, na watu wanavuta. Mamia. Wachongaji wanacheza kuizunguka na zana zao. Manyoya laini ya tai yanarushwa. Ikisimama, shimo linajazwa mawe, alafu watu wanaenda kula, na potlachi inaanza, na wageni wote wanapewa zawadi.

Mimi siku zote nilidhani zawadi za potlachi ni ukarimu, au kujionyesha, kama harusi zetu. Kumbe ni malipo. Wewe mgeni umeona nguzo ikisimama, umesikia jina likitajwa, umesikia haki ikidaiwa mbele ya upande wa pili na hakuna aliyepinga, umekula, umepokea kitu chako. Sasa ni kazi yako kukumbuka. Ukiulizwa miaka 30 baadaye, utasema ndio nilikuwepo.

Kwa hiyo mti ni sehemu tu. Kazi ya nguzo imeshafanyika jioni ile, iko kwenye vichwa vya watu waliovuta kamba. Mti ukianguka baada ya karne moja, ukoo ukitaka, unachonga mwingine, unaita watu tena, unalipa tena, mashahidi wapya. Kuoza kunalazimisha mkutano ujao.

Nililala vizuri siku hiyo, nikidhani nimemaliza.

Miaka 90

Sikumaliza. Manake mfumo huo unafanya kazi mashahidi wakiwa hai. Ndui ikiua watu tisa kwa kumi, potlachi ikiwa jela, watoto wakichukuliwa shule za bweni wanakokatazwa lugha ya mama zao, nani anakumbuka? Miti ikaoza na vichwa navyo vikaondoka.

Agosti 1969, Old Massett, kijana wa miaka 22 anaitwa Robert Davidson alisimamisha nguzo kando ya kanisa la Anglikana. Ilikuwa ya kwanza pale kwa karibu miaka 90. Futi 40. Alichonga akisaidiwa na mdogo wake Reg. Alisema aliitaka kwa ajili ya wazee, wapate kusherehekea kwa namna yao mara nyingine. Na wazee wakaanza kukusanyika nyumbani kwa bibi na babu yake kukumbushana nyimbo, huyu ana ubeti huu, yule ana ule, na bibi yake Florence Edenshaw Davidson alipotaka kuonyesha ngoma moja ya barakoa, barakoa yenyewe haikuwepo nyumba ile wala kijijini, akachukua mfuko wa karatasi akajivika kichwani akacheza.

Mfuko wa karatasi!

Baba yake bibi huyo ni Charles Edenshaw, mmoja wa wachongaji wakubwa waliowahi kuishi visiwa vile, na kazi zake zimejaa kwenye makumbusho ya Marekani na Ulaya. Barakoa zilikuwepo duniani. Zilikuwa kwenye makabati ya watu wengine.

Na Davidson alijifunza wapi kuona vizuri kazi za mababu? Alipohamia Vancouver kusoma, kwenye makumbusho. Hapo ndo nikakwama tena, manake ile hoja yangu nzuri ya kuacha vitu vioze, ukiifuata mpaka mwisho, 1969 hakuna cha kuangalia. Mfano Oxford, kwenye makumbusho ya Pitt Rivers, iko nguzo ya Old Massett zaidi ya mita 11 imesimama ndani tangu 1901. British Museum wakanunua yao 1903. Angalia hiyo miaka. Potlachi ni marufuku, kusimamisha mpya ni kesi, alafu wanunuzi wanakuja kununua za zamani, bei inashuka, na wauzaji ni watu wamezika vijiji.

Kuna rafiki yangu hapa, nilimweleza hii, akasema basi makumbusho waliokoa, tuwashukuru. Sikubali. Aliyechoma nyumba yako na aliyetoa sofa kabla ya moto kama wanakula meza moja, huyo wa sofa hastahili asante, anastahili kuulizwa sofa iko wapi. Lakini pia siwezi kujifanya sofa haikusaidia. Nimeshindwa kuondoa mojawapo, nimeyaacha yote mawili.

Wahaida wenyewe nadhani wameshalipita hilo swali muda, wanafanya kazi. Mifupa ya mababu zaidi ya 460 wameirudisha kutoka makumbusho mbalimbali, ikiwemo ile ya Field Museum ya Chicago mwaka 2003. Walichonga masanduku, wakafuma mablanketi, wakazika. Mwaka 2014 ndugu wawili, Gwaai na Jaalen Edenshaw, walienda Oxford si kuchukua ila kukaa na sanduku moja la zamani na kuchonga jingine mfano wake, kujua fundi wa kale alifikiri nini.

Ile niliyoiona

Nguzo moja nimeiona ikisimama kwa macho yangu, tarehe 1 Aprili 2017, hapo hapo UBC. Nilikuwa nyuma sana kwenye umati, niliona kofia za watu, kamba, na juu ya kofia kitu kirefu kinapanda taratibu taratibu, kinasimama, kinapanda. James Hart ndiye mchongaji, jina lake la uchifu 7idansuu. Futi 55, mwerezi wa miaka 800. Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331 mti huo ulikuwa na zaidi ya miaka mia tayari.

Katikati yake kuna nyumba ya shule, ya bweni, na watoto wamechongwa bila miguu. Kwenye nguzo imepigiliwa misumari ya shaba, elfu 68, kwa ajili ya watoto waliofia kwenye shule hizo, na misumari ilipigiliwa na watu wa kawaida, waliopona, familia zao, watoto wa shule za sasa.

Siku ile nilikuwa mwanafunzi na baridi imenishika, nilichowaza ni kwamba inachukua muda. Leo najua kwamba nilikuwa shahidi, wa bure, zawadi sikupata, lakini nikiulizwa, nilikuwepo.

Kulungu

Sasa nifike kwenye kitu ambacho sikukitarajia kabisa, na ndo kimenifanya niandike badala ya kuendelea kusumbua watu WhatsApp.

Mwaka 2013 ilisimamishwa nguzo ya mita 13 Windy Bay, kwenye kisiwa cha Lyell, ndani ya hifadhi ya Gwaii Haanas. Jaalen Edenshaw ndo aliongoza uchongaji, watu kama 400 wakavuta kamba. Upande huo haikuwa imesimama nguzo mpya kwa zaidi ya miaka 130. Ni kisiwa hicho hicho ambacho 1985 Wahaida walikaa barabarani kuzuia wakata magogo, 72 wakakamatwa, wazee wakiwemo, na ndani ya nguzo wamechongwa watu wamesimama pamoja, na wamevaa gambuti. Nguzo ina gambuti! Iliadhimisha miaka 20 ya mkataba wa 1993 kati yao na Kanada, mkataba ambao pande mbili ziliandika madai yao kando kwa kando, hii ardhi ni yetu, hapana ni yetu, alafu wakakubaliana kuitunza pamoja hivyo hivyo. Mwaka 2024 jimbo la British Columbia likakubali kwa maandishi kwamba ardhi ya Haida Gwaii ni ya Wahaida.

Gogo la nguzo hiyo lilikuwa na miaka kama 500.

Sasa piga hesabu. Utaratibu wote wa acha ioze tutachonga nyingine unategemea kwamba mwerezi mwingine wa miaka 500 upo. Mizee imekatwa karne nzima ya magogo, iliyobaki sikuizi inaorodheshwa na mkata mbao hatakiwi kuigusa. Sawa. Na midogo?

Midogo inaliwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi walileta kulungu visiwani, nyama ya kuwinda. Visiwani hakuna mbwa mwitu, hakuna chui wa milimani, dubu tu ambao hawashindi wakikimbiza kulungu. Wakazaana. Na kulungu wa Haida Gwaii chakula chake kitamu ni mche wa mwerezi. Kuna misitu huko ukiingia utaiona mizuri, mikubwa, kijani, na chini ni patupu, moss tu, hakuna mwerezi wa rika la mjukuu. Miti mizee iko juu haina watoto.

Nilisoma hio nikahisi kichefuchefu kidogo. Sisi tumekaa tunabishana glasi au mvua, makumbusho au makaburi, na jibu la swali linatafunwa na mnyama mmoja mwenye macho mazuri.

Wanapambana. Gwaii Haanas waliondoa kulungu kwenye visiwa kadhaa vidogo kuanzia 2017, kwa bunduki, na uoto ukaanza kurudi. Kwingine mche ukipandwa unazungushiwa wavu au bomba la plastiki mpaka ukue kuzidi mdomo wa kulungu. Mche uliofungiwa mwaka huu utatoa nguzo ya ukubwa wa ile ya Windy Bay kwenye miaka ya 2500.

Kwa hiyo mjomba, nikikujibu leo: walikubali, katika hali ambayo hakuna mtu angependa kuulizwa, na wengi wao hawaonekani kusubiri zile nguzo zirudi ndo waendelee. Na sasa mimi nina swali langu kwa yale majumba yote yenye nguzo ndani, Oxford, London, Chicago na hapa kwetu, yanayolipa kila mwezi hela za hewa na joto ili mbao isipasuke. Nyavu za ile miche nani analipia?

Nimewaandikia wawili kuuliza. Mmoja amenitumia ratiba ya kutembelea maonyesho.